Maji Yaliyotulia Kati ya Mawimbi

Jumapili ile bado naikumbuka, mwanangu, hata rangi ya shati nililoliacha juu ya mchanga. Ilikuwa mwezi wa saba, huko Durban, Afrika Kusini, kwenye ufuko ambao watu hutoka nchi za mbali kuja kupanda mawimbi kwa mbao. Nilikuwa na umri wako, labda mwaka mmoja zaidi. Nilitoka kwetu Pinga, upande wa Walikale huko Kongo, kwa pikipiki, kwa lori, kwa basi, mahali pengine kwa miguu, na kifuani, ndani ya mfuko wa plastiki, nilibeba diploma yangu ya serikali, ile ya kumaliza sekondari. Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kuipata. Leo ninazo mbili, na taa za jua unazoziona kwenye zahanati na kanisani nimezifunga kwa mikono hii, bila kushikwa mkono na mtu. Sisemi ili nijisifu, ingawa hata nikijisifu sijui nani atanikatalia.

Umeniandikia kwamba umepata shule kule, na kwamba wakati wa Krismasi wenzako watakufundisha kupanda mawimbi. Sikukatazi. Lakini nisikilize kwanza, maana nusura nisirudi, nisiwe baba wa mtu yeyote.

Tulifika ufukoni watatu, mimi na Wakongo wenzangu wawili, tukitoka kusali. Kwenye maegesho ya magari tulimkuta Papa Bauma, mzee wa Masisi, mzaliwa wa Kashuga. Kabla ya vita kumwondoa nyumbani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Pale Durban alikuwa analinda magari ya watu, amevaa kizibao cha manjano, na Wakongo wote walimheshimu kama mwalimu wao.

“Mukioga, muoge katikati ya ile bendera mbili,” alituambia, akionyesha bendera za rangi nyekundu na njano ambazo waokoaji walizisimika mchangani.

“Papa, ile bendera iko ya bantu benye hawajue maji,” nikamjibu. “Miye nilivuka muto ya kwetu, Oso, na mufuko ya mihogo ku kichwa.”

“Na diploma? Nayo ilivuka?” akauliza mwenzangu mmoja, wote wakacheka.

“Diploma ilikuwa bado. Sasa iko. Njo maana siogope kitu.”

Papa Bauma hakucheka. “Sawa, muheshimiwa,” akasema. “Lakini Oso haiko hapa.”

Sikumsikia. Nilikwenda kando, nikachuchumaa, nikaangalia maji kama baba alivyonifundisha. Wewe pia unajua tunavyosoma mto wetu. Mahali penye povu jeupe pana mawe, na mawe huvunja mguu, hupindua mtumbwi. Mahali ambapo maji ni meusi na laini, hapo ndipo njia. Halafu jua lilikuwa kali, zilikuwa zimepita wiki tatu bila mvua. Kwetu ukiona kiangazi cha namna hiyo unajua mto umepungua, hata mama wenye mimba wanavuka. Basi nikatazama mbele: watu kati ya bendera wanapigwa na mawimbi meupe, wanaanguka, wanameza chumvi. Hatua mia moja pembeni, mawimbi yalivunjika kushoto na kulia, lakini katikati palikuwa na uwazi mmoja mweusi, uliotulia, kama barabara iliyofagiliwa. Nikawaonea huruma wale wa bendera. Nikavua shati, nikaingia kwenye barabara yangu.

Kwanza nilifurahi. Maji yalinibeba vizuri. Nilipogeuka kuwapungia wenzangu mkono, walikuwa wadogo kama kuku. Nikaanza kuogelea kurudi kwao moja kwa moja, kwa nguvu zote za Pinga, na kila nilipoinua kichwa walikuwa wadogo zaidi. Nikaita. Waliniona nimeinua mkono, nao wakaniinulia mkono, wakidhani naendelea kujigamba.

Mwanangu, sisi tulikimbia risasi mara tatu. Tulilala kambini Kashuga na mvua inapita chini ya turubai. Mama yangu alitoa watoto wote wazima katika hayo yote. Nikawaza kwamba sasa atapigiwa simu aambiwe mtoto wake amekufa akioga, siku ya Jumapili, mahali pa kupumzika, na hata mwili wa kuzika hauko. Mikono ilikuwa imekwisha. Nilianza kumeza maji.

Aliyeniokoa ni msichana mmoja wa kule, mpanda mawimbi. Wapanda mawimbi hupita katika maji hayo laini makusudi, kwa sababu yanawapeleka mbali bila kuchoka. Alinikuta njiani mwake. Alinipandisha kwa tumbo juu ya ubao, akapiga maji kwenda pembeni, sambamba na ufuko, mpaka tukatoka kwenye mkondo uliokuwa unanivuta baharini. Kisha povu lile jeupe nililolikimbia likatubeba likatutupa mchangani. Kwa hiyo mimi pia nimepanda wimbi, na sijasikia mwingine wa Pinga aliyenitangulia.

Nilitapika, nikalia, nikacheka, vyote pamoja. Nilishika mchanga kwa mikono miwili nikaona jinsi ulivyo mzuri. Papa Bauma aliacha magari ya watu, akaja, akanifunika kizibao chake. Alingoja nipumue.

“Kwenu Walikale,” akasema, “ukifika ku mto yenye haujue, unafanya nini?”

“Ninauliza bantu ba pale fasi ya kuvukia.”

“Na hapa ulimuuliza nani?”

“Nilisoma maji, Papa.”

“Ulisoma. Ni kweli ulisoma.” Akanitazama kama mwanafunzi aliyeharibu daftari. “Ulisoma bahari kwa alfabeti ya Oso.”

Wenzangu hawakuthubutu kucheka. Mimi ndiye niliyecheka, kwa sababu nilikuwa hai na mzee alikuwa amesema kweli. Hakuna mwalimu aliyenipa alama ya chini kama ile, wala hakuna niliyemshukuru zaidi.

Baada ya hapo kila Jumapili nilikuwa namuuliza Papa Bauma na waokoaji wa pale. Niliuliza mpaka wakachoka. Mwezi wa sita na wa saba ni baridi yao, mvua hakuna, anga safi, lakini mawimbi makubwa hutoka kusini ya mbali, na ndiyo wakati wa mabingwa. Ndipo pia samaki wadogo hupita kwa wingi, papa wakiwafuata. Ikitangazwa kwamba hakuna kuingia, usiingie hata kunawa miguu. Wewe utaingia baharini Krismasi, wakati wa joto na mvua. Mvua kubwa ikinyesha, mito humwaga matope na magogo baharini. Ngoja siku kadhaa maji yasafike. Usiingie kabla ya waokoaji kufika, wala baada ya wao kuondoka. Na ule uwazi laini kati ya mawimbi uwaachie wenye mbao na uzoefu. Ukishikwa nao, usishindane nao. Jiachie uelee, pumua, halafu ogelea kwenda pembeni, ukiinua mkono mmoja kuita.

Mtu wa pwani naye akija Oso atafuata povu, atavunjika kwenye mawe. Namwambia aniulize mimi. Wengine huniuliza.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii: ulichojifunza kwetu ni mali, usikionee haya, lakini ukifika kwa watu kiweke mfukoni kwanza, uulize. Anayelinda magari anaweza kujua kitu ambacho diploma yako haikijui. Mimi nimesema hivi, mwenye mbili.

Mungu akutangulie barabarani mpaka upite kizuizi cha Mubambiro, na kwenye mipaka yote. Akupe mtu wa kumuuliza, na ulimi usioogopa kuuliza. Bahari ikuchezee, ikuangushe, ikunyweshe chumvi kidogo. Urudi umelowa, mwanangu, lakini urudi.