Mama Alivyomsimamisha Baba kwa Mguu Mmoja

Nilimkuta baba jikoni amesimama kwa mguu mmoja, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

Anatetemeka. Jasho linamtoka. Mkono mmoja umeshika ukingo wa sinki.

Mama yuko nyuma yake, kakunja uso.

"Mama! Unamfanya nini baba?"

"Usimshtue. Akianguka, utamwinua wewe."

Baba akalalamika, "Mke wangu, nimechoka."

"Choka ukiwa umesimama."

Jamani, nilitaka kulia.

Baba yangu alikuwa fundi wa kupaka rangi majengo. Maisha yake yote juu ya ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, hakuwahi kudondoka. Kustaafu tu, akateleza bafuni kwake. Hakuvunjika kitu, ila woga ulimwingia. Akawa mtu wa kiti, kutwa nzima. Mapaja yakanywea, suruali zikaanza kumpwaya.

Sisi watoto tukamhurumia. Maji tunamletea. Chakula tunamletea. Hata miwani iliyo mezani, hapo hapo, tunamletea.

Mama peke yake ndiye aliyegoma. Alienda kumuuliza mtaalamu wa viungo, akarudi na mazoezi yake. Inuka kwenye kiti bila kushika. Kaa. Inuka tena. Tembea kisigino kiguse vidole.

Nikampigia kaka. "Bro, mama kawa katili. Anamtesa mzee."

Kaka akaja na gari. Tukafungasha nguo za baba, tuondoke naye.

Mama hakubishana. Alikaa kitandani, kashika tumbo, kamtazama baba tu.

Baba akasema, "Rudisheni nguo zangu kabatini."

"Lakini baba..."

"Nimesema rudisheni."

Tukanywea. Kaka akaondoka amenuna.

Miezi ikapita. Baba akaanza kwenda chooni mwenyewe. Akaanza kutoka mpaka barabarani na kurudi. Na sisi tukisema mama amekonda, anajibu, "Baba yenu ananikimbiza."

Kisha mama akalazwa.

Hakurudi.

Baada ya mazishi, mama mdogo alinivuta pembeni, macho yamevimba.

"Dada alikuwa na saratani. Alijua kabla hata baba yenu hajaanguka. Aliniapisha nisiwaambie."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anasema, 'Nikiondoka, usiku nani atamwinua mume wangu?'"

Nikaketi chini pale pale.

Nikajikokota mpaka kwa baba. Sikujua nianzie wapi kumwambia.

"Baba, mama alikuwa anaumwa muda mrefu..."

"Najua."

"Nani kakwambia?"

"Nilikuwa namsikia akilia bafuni, kafungulia maji nisisikie. Hakutaka nijue, nami nikajifanya sijui." Akafuta macho kwa kiganja. "Mwanangu, mimi sikuwa na haja na miguu hii tena. Nilisimama ili yeye aondoke na amani."

Mimi ni msusi, nimesuka vichwa vya watu miaka yote hii, nikisikiliza siri za kila mtaa, kumbe ya nyumbani kwetu ilinipita.

Ndugu zangu, mzee wako akianza kuyumba, usimfungie kwenye kiti kwa huruma. Muulize mtaalamu, mpe pa kushika, mwache ainuke.

Na ukimkuta mtu anamsimamisha mzee wake kwa ukali, usiwahi kuhukumu.

Huenda anamuaga.