Mto Bila Ghala

Kwa mwaka mzima sikuwahi kumaliza picha hata moja. Nilijifunza kupaka rangi mwenyewe, jikoni kwetu katika kitongoji cha Merrylands, kwa kutazama video kwenye simu. Kila niliposhindwa kupata nilichotaka, nilikwangua rangi yote kwa kisu cha siagi na kuanza upya. Najua ni ugonjwa. Turubai yangu ya mto Parramatta ilikwanguliwa hadi nyuzi zikaonekana.

Mama alikuwa akiisubiri. Jumamosi ilikuwa zamu yetu kupokea watu wa maombi, na alitaka waikute ukutani. Aliapa kwamba nikiikwangua tena atatundika kalenda. Jioni moja aliiinamia, bado amevaa sare ya kazi.

"Na depo yetu iko wapi?"

Depo ni ghala anakofunga maboksi, pale ukingoni. Nilikuwa nimeliacha nje ya picha, pamoja na kreni na nguzo za umeme, nikapanda miti mahali pake.

"Lingeharibu mto."

"Eh, mama yangu! Kwa hiyo mimi nafunga maboksi ndani ya maji, pamoja na viboko?"

Alicheka sana. Mimi sikulala vizuri.

Alhamisi nilipanda treni hadi mjini, kwenye jumba la sanaa, kuiona kwa macho yangu picha niliyokuwa nikiiga mtindo wake: mto wa Ufaransa, kazi ya mchoraji wa zamani. Kwenye simu kulikuwa na doa la kijivu juu ya miti, nami nilidhani ni uchafu wa kioo. Kumbe ulikuwa moshi. Chini yake lilisimama bomba la kiwanda, jembamba kama mwanzi. Nilikaa mbele yake hadi mlinzi akaniuliza kama niko salama. Bomba lile lilipakwa kwa upole uleule wa miti, na kivuli chake kilitetemeka majini katikati ya vivuli vyao, brashi imegusa mara tatu tu. Moshi na wingu vilikuwa rangi moja. Sijawahi kuona mkono usio na hofu kiasi kile.

Ijumaa nilirudisha ghala. Paa lilipinda kidogo. Mama aliporudi aliligusa kabla sijamwambia kwamba rangi ni mbichi.

"Ndiyo hapa tunakunywaka chai," alisema, na alama ya kidole chake ikabaki juu ya paa.

Nilishika kisu. Kisha nikakiosha, nikakirudisha kwenye droo, nikaanza kutafuta msumari.