Mito Mitatu ya Fundi Cherehani

Hebu mwone anavyoingia kwa daktari: mama wa makamo, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni, kwapani kabana mto mdogo. Haketi mpaka autandike. Nyuma yake yupo wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuja kwa kazi moja tu: kumsema.

"Uvimbe huu wa kwenye kalio una muda gani?" daktari wa upasuaji akauliza.

"Siku mbili tatu hizi tu, daktari."

"Mbili tatu!" wifi akadakia. "Muulize ana mito mingapi."

"Wifi, nyamaza."

"Sinyamazi ng'o. Daktari, huyu anashona kwa cherehani cha miguu. Mwaka juzi aliweka mto mmoja kwenye kiti. Mwaka jana, miwili. Sasa mitatu, bado kidogo kichwa kigonge taa!"

Fundi alicheka, kisha akajifuta macho. Alikuwa anaona haya. Mahali penyewe si pa kumwonyesha kila mtu. Daktari akaandika: mito mitatu, miaka miwili. Kule zahanati alikoanzia walisema ni jipu, wakataka kulitumbua. Daktari huyu alikataa, maana jipu halikai miaka miwili bila homa wala usaha. Akaagiza picha ya ndani ya nyonga, halafu akachukua kinyama kwa sindano nene kikapimwe maabara.

Majibu yakaja. Ulikuwa uvimbe wa nyama laini, wa nadra. Daktari mwenyewe alishauona mara mbili tu. Hausambai mwilini, ila hujipenyeza, na hupenda kurudi. Huu ulikuwa umeuegemea mshipa wa fahamu wa mguu wa kulia.

"Wa kulia ndio unaosukuma pedeli," fundi alisema polepole. "Wa kushoto unafuata tu. Ukienda huo wa kulia, na mimi nimekwenda."

"Siwezi kukuahidi mguu, mama. Nakuahidi sitakuwa na haraka."

Na hakuwa nayo. Kwa saa sita aliubandua uvimbe ule kwenye mshipa, kama fundi anayefumua pindo bila kuchana kitambaa.

Fundi alipozinduka, wifi alikuwa miguuni pa kitanda, kiganja kakibana kwenye unyayo wa kulia.

"Haya, mimi ndiye pedeli. Nisukume."

Unyayo haukusogea. Wifi akangoja. Kisha unyayo ukasukuma, kidogo tu, kama mtoto anavyocheza tumboni.

"Ewe mwanamke!" wifi akaangua kilio. "Umenitia tumbo joto, gauni langu utashona bure!"

Leo ukipita pale utasikia cherehani kikilia. Kiti hakina mto hata mmoja. Mito yote mitatu, imefuliwa, iko juu ya kabati. Kila mwaka fundi atakwenda kupigwa picha, asije mgeni yule akarudi kimyakimya.

"Itupe, inaniudhi," wifi humwambia.

"Iache. Mimi nilipoficha, hiyo ndiyo iliyosema."

Nimewasikiliza wote wawili, nikashindwa kuamua. Ingekuwa yako, ungeitupa?