Seremala Asiyegusa Msumari

Mtu wa Dagoretti Corner akikuambia kwamba Gerishon Kihara alikuwa mtu wa majivuno, mwambie Tobias Odhiambo amesema ni uongo mtupu. Tulikaa banda moja miaka mingi, yeye akitengeneza viti na meza, mimi nikishona mito na kujaza magodoro. Majivuno yote ya banda lile yalikuwa yangu.

Kilichowafanya watu waseme hivyo ni kwamba Gerishon hakutumia msumari. Alitoboa tundu kwa keekee, akachonga kigingi cha mti mgumu, akakipigilia mbao zikashikana kama ndugu. Mteja akiuliza kwa nini, alijibu kwamba ndivyo alivyofundishwa misheni. Misheni! Mtu yule alijua misheni kama mimi ninavyojua Uingereza.

Alifundishwa kifungoni. Alishikwa kwao Murang'a mwanzoni mwa hali ya hatari kwa kosa la kula kiapo, akatiwa pingu, akasafirishwa kwa treni mpaka ziwani, kisha kwa mashua mpaka kisiwa kimoja huko upande wetu sisi Wajaluo. Wafungwa walitengeneza viti vya ofisi za serikali. Hapo mwanzo walipewa misumari, mpaka siku mmoja wao alipoficha msumari chini ya ulimi akaenda kumchoma nao askari. Tangu siku hiyo karakana ile haikuona msumari tena, wakajifunza vigingi. Lakini ukaguzi haukwisha. Kila jioni Mzungu wao alipaza sauti, "Vyombo chini!" Wakaweka vyombo, wakanyoosha mikono juu, wakafungua midomo na kuinua ndimi, naye akapita akichungulia mdomo mmoja baada ya mwingine. Msumari hakuna, na bado anatafuta msumari. Miaka minne.

Haya aliniambia mimi tukiwa tunakula mahindi ya kuchoma nyuma ya banda, na akaniapisha nisimwambie mkewe. Wanjugu alijua mumewe alifungwa. Kuhusu mdomo hakujua.

Alipoachiliwa, mwaka wa hamsini na saba, amri ilikuwa akae kijijini kwao chini ya macho ya chifu. Kukutwa Nairobi ilikuwa kurudishwa kule kule. Lakini kijijini angemtengenezea nani meza? Baba yake Wanjugu, mzee wa kanisa hapa Dagoretti, alikwenda kwa wakubwa akasema huyu ni kijana wa nyumbani kwake, fundi wa misheni, akapatiwa kipande cha kumruhusu kukaa mjini. Uongo wa mzee wa kanisa hautiliwi shaka upesi. Gerishon akaja, akafungua kazi, Hannah akazaliwa, na viti vyake vikaanza kuuzwa katika duka la Kantilal kule Ngara, wanakonunua Wazungu.

Siku moja mwaka uliofuata nilikwenda Ngara kuchukua kitambaa. Kantilal akanipokea kwa furaha kubwa.

"Odhiambo! Mzungu moja nanunua meza ya Gerishon. Napindua juu chini, naangalia, nauliza, fundi gani hii hapana tumia musumari? Mimi nasema yeye iko Dagoretti Corner. Kesho atakuja ona yeye."

"Mzungu gani?"

"Bwana ya jela. Zamani alikuwa kule kisiwani, sasa naishi karibu na Adams Arcade."

Kitambaa nilikiacha pale pale, nikaipanda Ngong Road kwa baiskeli kama mwizi.

Gerishon alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameshika randa, na hakuiweka.

"Toroka leo," nikamwambia. "Pita huku Kikuyu, ukalale kwa—"

"Nikitoroka atajua ni mimi. Kisha watakuja kumuuliza mzee kwa nini alidanganya. Watamfunga na yeye."

"Basi utafanya nini?"

Wanjugu alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni. Akasema, "Mafundi wa misheni wanapiga misumari. Baba Hannah, piga misumari."

Nikacheka, kisha nikaona hatanii. Nikatoa misumari kwenye kopo langu. Wewe fikiria: mimi, mtu wa mito, namfundisha seremala kupigilia msumari! Wa kwanza ulipinda. Wa pili ukapinda. Mikono iliyoweza kuunga kabati bila pengo la kupitisha unywele ilishindwa na kipande cha chuma. Kila nilipompa msumari alitazama nyuma yake kwanza. Nilimkemea, nikamtania, nikamwita mwanamwali, na moyoni nilitaka kulia. Kufikia jioni alikuwa anapiga kama sisi wengine.

Mzungu akaja kesho yake mchana, peke yake, gari lake akaliacha barabarani. Alikuwa mwembamba, kofia mkononi, hana haraka. Nilimtazama Gerishon nikaona jasho kwenye shingo yake, nikajua ndiye. Lakini yule Mzungu alimtazama usoni bila dalili yoyote. Kule kisiwani wafungwa wote walikuwa vichwa vipara na namba.

"Wewe nafanya meza yangu?"

"Ndiyo, bwana."

"Iko na sanduku nyumbani kwangu, ya vigingi kama hii. Nani nafundisha wewe?"

"Misheni, bwana."

"Misheni hapana fundisha hivi."

Nikaingilia, kwa sababu mdomo wangu haujawahi kunisikiliza. "Bwana, huyu anatumia vigingi kwa meza ya bei tu! Misumari anajua sana."

Mzungu akachukua msumari kwenye kopo langu, akamnyooshea Gerishon. "Piga."

Akaupokea. Hakutazama nyuma. Akausimamisha juu ya ubao, akapiga nyundo, ukaingia wima mpaka kichwa kikalala sawa na mti. Wanjugu, aliyesimama mlangoni na mtoto mgongoni, alishusha pumzi nikaisikia kutoka pale nilipokaa. Mzungu akapitisha kidole juu ya kichwa cha msumari, akatikisa kichwa kukubali, akavaa kofia. Alikuwa amekwisha kugeuka aondoke. Nilikuwa nimeanza kumshukuru Mungu kwa Kijaluo.

Kisha akasema, bila hata kugeuka vizuri, kwa sauti ya mtu aliyemaliza siku ya kazi, "Vyombo chini."

Nyundo ikawekwa. Mikono ya Gerishon ikapanda juu. Mdomo wake ukafunguka, ulimi ukainuka.

Mpaka leo sijui kama Mzungu yule alikusudia, au maneno yalimtoka tu kama yalivyomtoka kila jioni. Ninajua nilichoona. Aligeuka, akamkaribia, akainamisha kichwa, na akachungulia ndani. Huku na huku, chini ya ulimi, kama anayetafuta. Halafu ndipo alipoona alichokuwa anafanya. Uso ukamwiva mpaka masikioni. Akatazama mtoto, akamtazama Wanjugu, akatoka, na gari likaondoka kwa kishindo kuelekea mjini.

Sisi tulijua mchezo umekwisha. Tulingoja askari siku ile, na kesho yake, na wiki ile nzima, na hawakuja. Kantilal aliendelea kuagiza viti. Ile meza haikurudishwa.

Lakini hayo tulikuja kuyajua baadaye. Saa ile gari lilikuwa limekwenda, vumbi limetulia, na Gerishon bado amesimama, mikono juu, mdomo wazi, machozi yakimwingia mdomoni. Nilimwita hakusikia. Hajaambiwa aufunge.

Wanjugu alimfuata polepole. Akaishusha mikono yake, mmoja, kisha mwingine. Akaweka kiganja chini ya kidevu cha mumewe, akaufunga mdomo ule.

"Ameenda, baba Hannah," akamwambia. "Ni mimi."