Siku Niliyofunga Tanga Kama Gunia la Viazi

Mwanangu, kuna Jumamosi moja haijawahi kuzeeka kichwani mwangu, hata sasa ambapo meno yameniaga. Nilikuwa kijana, tanboi, yaani utingo, wa lori la viazi kutoka Molo, na siku hiyo nilikuwa nateremka Naivasha, ziwani, kupewa jibu. Jibu lenyewe ni hili: nitapewa Akinyi ama sitapewa.

Akinyi alikuwa anauza samaki sokoni, kando ya pale tuliposhusha viazi. Mimi samaki sikuwa nakula. Kwetu siku hizo samaki tulimwona kama binamu wa nyoka. Lakini nilinunua kila Alhamisi, mpaka dereva wangu akaniuliza kama nimefungua hospitali ya paka.

Basi nikaenda kwa babake kuposa. Alikuwa mvuvi aliyetoka magharibi zamani, na kijiji kizima kilimwita Jaduong', yaani mzee wa heshima. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Nyumbani kila mtu ni mpole. Mimi mtu namjua akiwa ndani ya mashua. Kuja wikendi ya matanga."

Sasa, mimi niliacha shule darasa la tatu. Nikisikia matanga, nasikia kilio. Nikavaa koti jeusi, nikabeba sukari kilo mbili na majani chai, nikafika pale na uso wa huzuni nikisema, "Poleni sana, poleni." Nikaona watu wanacheka, ngoma inalia, mashua zimepakwa rangi, na kila mashua ina nguo kubwa imeinuliwa juu ya mti. Kumbe matanga ni zile nguo za upepo! Mara moja kwa mwaka wavuvi waliweka kando nyavu, wakashona mifuko ya unga ikawa tanga kama walivyofanya baba zao, wakashindana siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Wanafanya mpaka leo, ila siku hizi naona vijana wanatazama mashindano kwa simu na mashua iko hapo mbele ya pua yao. Hiyo tuiache.

"Nani amekufa?" Akinyi akaniuliza, akishika mbavu.

"Ni mimi nitakufa babako akikataa," nikamwambia. Sukari ilinywewa hiyo hiyo siku.

Mashua ya Jaduong' ilikuwa ya watu watatu. Yeye alikaa nyuma na kasia la kuongozea. Odhiambo, kakake Akinyi, alikaa mbele na mkebe wa kuchota maji. Mimi nikawekwa katikati, nikapewa kamba ya tanga. Jaduong' akaniambia neno moja tu: "Shika. Usifunge."

Nikaitikia, "Sawa, Baba." Lakini ukweli nikuambie, nilicheka kwa ndani. Mimi! Kijana ambaye nilifunga magunia sitini juu ya lori, tukapita mashimo yote mpaka Nairobi, na hakuna hata kiazi kimoja kilichowahi kuanguka! Nani wa kunifundisha kamba?

Filimbi ikapigwa. Wee! Asubuhi ziwa lile hulala kama maziwa kwenye sufuria, lakini mchana upepo unashuka na hauna salamu. Ulitukamata tukaruka. Maji yanapiga ubao, Odhiambo anaimba, tunapita mashua moja, mbili, nne! Lazima mzunguke pipa lililoelea mbali kidogo na vichaka vya mafunjo, pale viboko hukaa, halafu mrudi. Tukalizunguka sisi wa kwanza. Wa kwanza, mwanangu!

Kurudi, ndiyo nikamwona Akinyi ufuoni amevaa njano. Mikono ilikuwa inawaka kwa ile kamba. Nikasema, kwani iko nini? Sijui hata kama niliamua. Vidole vyenyewe vilipitisha kamba chini ya ubao wa kukalia, vikazungusha mara mbili, vikakaza lile fundo langu la lori. Halafu nikainuka nusu, nikapunga mkono. Nikaona nimepunga kidogo, nikapunga yote miwili.

Akinyi akapiga kelele. Nikajua ananishangilia. Akaruka juu. Nikapunga zaidi. Ufuo wote ukaanza kupiga kelele, na mimi nikajiambia, kijana, leo wamekupenda. Kumbe walikuwa wanasema, "Kamba! Kamba!" Maana hata mtoto akiona mikono miwili hewani atauliza, na kamba ameshika nani?

Upepo ukageuka. Mashua ikalala kwa ubavu, maji yakaingia kama wageni wasioalikwa. "Achilia!" Jaduong' akaita. Nikarukia fundo. Lilikuwa limelowa na kukaza, gumu kama jiwe. Kucha zikavunjika. Odhiambo akaacha kuimba. Hapo Jaduong' akanipita kwa magoti, akatoa kisu cha samaki, akakata kamba mara moja. Tanga likapeperuka, mashua ikainuka, tumekaa ndani ya maji mpaka kiunoni kama watu kwenye karai. Wenzetu wote wakatupita.

"Huyo wa Molo amefunga ziwa kama gunia!" mtu akaita kutoka mashua ya mwisho. Ufuo mzima ukacheka.

Tulipofika nchi kavu sikungoja. Nikachukua koti langu, nikaelekea barabarani kutafuta lori.

"Unaenda wapi?" Jaduong' akauliza. Alikuwa anakamua shati.

"Nyumbani, Baba. Nimeona jibu."

"Umeona maji. Keti." Nikaketi. "Umefunga vizuri sana. Hiyo ndiyo shida. Gunia ukishalifunga, halibadilishi mawazo mpaka Nairobi. Lakini upepo uko hai. Kitu kilicho hai unakishika, ukisikie kinataka nini. Kikivuta sana, unalegeza. Kikilegea, unavuta. Kesho tunatoka saa nane, baada ya kanisa."

"Baba, kesho utanichukua mimi tena?"

"Nikichukua mwingine, nitakujua wewe namna gani?"

Jumapili nilishika. Mungu wangu, nilishika! Upepo ukija kwa hasira nalegeza kidogo, ukitulia navuta, na ile kamba ikaanza kuongea na mikono yangu, kweli nakuambia. Akinyi alikuwepo ufuoni, nasikia. Sikumwona. Tukamaliza wa pili, tumeachwa urefu wa kasia tu, na Odhiambo akaimba mpaka sauti ikakatika.

Lakini vidole vyangu vilikataa kufunguka. Damu imekauka, kamba imo ndani. Jaduong' akapiga magoti kwenye maji, mbele ya watu wote, akaanza kuvifungua kimoja kimoja kama mtu anayemvua mtoto soksi.

"Achilia sasa, mkwe," akasema. "Tumefika."

Mkwe! Mwanangu, nililia bila aibu, na safari hii hakuna aliyeniuliza nani amekufa.

Basi nakuachia neno hili, na si la kitabu. Mzigo ufunge. Deni, kazi, ahadi uliyotoa, funga ukaze. Lakini mke, mume, mtoto, rafiki, hao wako hai. Usiwafunge eti umechoka kuwashika, ama eti unataka mikono iwe huru watu wakuone. Akinyi wangu nilitaka kumfunga mara mbili, na moja ni pale aliposema anataka kufungua kibanda chake Nakuru, nikalegeza huku naumia. Tumekaa miaka, na bado ananicheka.

Mungu akupe mikono isiyochoka upesi. Akupe sikio la kusikia upepo unapogeuka, na siku ukikosea, akuwekee mtu atakayekuambia keti, kesho tunatoka tena.