Shingo Isiyotakata

Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma alikuwa mtu wa mwili na wa maneno, akicheka unamsikia mpaka barabarani. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, nondo zimeegemezwa ukutani, sakafu imetoboka kwa cheche.

Nyuma ya shingo alikuwa mweusi kuliko mwili mzima, ngozi nene kama mahameli. Mwenyewe alisema ni moshi wa kazi. Mkewe alimsugua kwa dodoki mpaka akapiga kelele, "Mama watoto, unanichuna!" Weusi ukabaki palepale.

Siku moja shemeji yake, mdogo wa mkewe, muuguzi wa zahanati, alikuja kuangalia geti aliloagiza. Fundi akainama kumwonyesha bawaba.

"Shemeji, hiyo shingo vipi?"

"Moshi huo. Dada yako kashindwa, labda ujaribu wewe."

Shemeji hakucheka. Akapitisha kidole. "Na kwapani? Moshi umefika na huko?"

Fundi akainua mkono, akajichungulia. Kwapani kulikuwa vilevile.

"Huu si uchafu. Mara nyingi ngozi ikiwa hivi, mwili unashindwa kuitumia sukari vizuri. Kesho asubuhi njoo upimwe. Usile kitu."

"Hata chai?"

"Hata chai."

Alipopimwa, sukari ilikuwa juu, presha nayo juu, na mtu hata kichwa hakikuwa kinamuuma. Daktari alimwambia ana bahati: moyo ulikuwa bado haujaguswa. Akapewa dawa, akaambiwa apunguze soda na unene, atembee. Mkewe hakumpikia chungu chake peke yake. "Tutakula wote hivyohivyo," alisema, na watoto wakanuna wee, mwisho wakazoea.

Lakini kuna jambo lililomnyima fundi raha. Kaka yake mkubwa, dereva wa lori, alikuwa na shingo ileile. Baba yao pia alikuwa nayo, nyumbani wakiiita alama ya ukoo, na baba alianguka mchana kweupe asiamke tena. Fundi akafunga karakana, akamfuata kaka yake.

"Mimi mzima bwana," kaka alisema.

"Hata mimi nilikuwa mzima. Twende."

Zahanati ilimpeleka moja kwa moja hospitali kubwa. Kumbe alikuwa akibanwa kifua kila akipanda kufunga mizigo, na hakumwambia mtu. Mshipa mmoja wa moyo ulikuwa karibu kuziba. Wakamuwahi.

Fundi alipokwenda kumwona wodini, kaka alikuwa ameketi kitandani, amekonda kidogo, macho maangavu.

"Huyo shemeji yako, mwambie..."

"Mwambie mwenyewe. Yuko mlangoni."

Muuguzi akaingia. Kaka alisogea ukingoni mwa kitanda. Akaushika mkono wa muuguzi kwa mikono yake yote miwili, hakuuachia upesi, na fundi akamsogezea shemeji yake kiti.