Sifuri Juu ya Sifuri

Mjukuu wangu, aliyekuwa kidato cha tano, alirudi Jumatano na karatasi ya mtihani iliyojaa neno moja: haipo. Mwalimu wake wa hisabati alimpa jaribio moja zaidi, Jumatatu. Akishindwa angehamishwa mchepuo, na uhandisi aliouota tangu utotoni ungeishia hapo.

Mwalimu alimuuliza nani alimfundisha vile. Hakunitaja.

Ni mimi. Seminarini nilifundishwa kwamba hatugawanyi kwa sifuri, nami nikampa mtoto sheria hiyo kama amri: ukikuta sifuri chini, andika haipo, usiguse.

Jumamosi nilimfuata mwalimu nyumbani kwake, mtaa wa Mazwi, nikakiri kwamba sheria ile ni yangu. Ni binti wa Mbeya, mdogo kuliko kitinda mimba wangu.

"Shikamoo, mzee." Akaandika x² − 9 juu ya x − 3, akaweka tatu mahali pa x. Sifuri juu, sifuri chini. "Hapa wewe unafunga daftari. Lakini hatuulizi x ikiwa tatu. Tunauliza x ikiikaribia tatu, jibu linaelekea wapi?"

Akavunja ya juu kuwa mabano mawili, x − 3 mara x + 3. Kwa kuwa x haijafika tatu, x − 3 si sifuri. Akaikata juu na chini. Ikabaki x + 3. Jibu, sita.

Nilishukuru, nikarudi nyumbani na aibu. Kwetu kanisani mwenye neno na mwenzake hakomuniki kabla ya kulimaliza, nami nilikuwa sijamwambia mjukuu wangu. Jumapili wengine walipopanga mstari wa komunyo nilibaki kwenye benchi. Mjukuu wangu aligeuka, akanitazama.

Nje nilimwambia, "Makosa yale ni yangu. Nisamehe."

"Nilijua tangu Jumatano, babu. Uliniangusha, halafu jioni ile ukaomba chai." Akacheka kidogo. "Haya, nionyeshe alichokuonyesha."

Tulikaa uani kando ya ulezi ulioanikwa, tukavunja mabano hadi jua likapoa. Maswali yenye kipeuo yalitushinda wote wawili. Nilimwombea.

Jumatatu nilimsubiri barabarani.

"La kipeuo lilikuja?"

"Lilikuja."

"Ukaandika haipo?"

"Hapana. Nilikumbuka yale mabano, nikazidisha juu na chini kwa mwenzake wa kujumlisha, yaani ile ile ya juu ila kutoa nikakugeuza kujumlisha, kipeuo kikaondoka juu. Mbele nikakwama, nikaacha nilipofika."

Mwalimu alimpa nusu ya alama za swali lile. Zilitosha kumbakiza.